Mgongo Wako Hauumi kwa Sababu ya Ile Sindano

Wiki iliyopita, saa nane usiku, nilikuwa naingia leba na trei yangu ya sindano ya ganzi, mama mmoja akanizuia mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanishika mkono. "Mwanangu, huyo mkamwana wangu usimchome mgongo. Mimi walinichoma 2004 kwenye operesheni ya kitindamimba wangu, na mgongo huu mpaka leo si wangu." Nikamwomba anioneshe panapouma. Akapeleka mkono katikati ya mabega. Mama, sindano ile inaingia kiunoni, pale unapofungia khanga.

Mkamwana mwenyewe njia ilikuwa sentimita 5, ameng'ang'ania chuma cha kitanda, jasho linamtoka. Aliyestahili kuulizwa ni yeye.

Maneno haya nayasikia karibu kila zamu, kwa hiyo leo nayaandika. Wengi wanaosema "nilichomwa ya mgongo" hapa Dar walipewa ganzi ya upasuaji. Ile ni sindano nyembamba sana, inafika kwenye maji yanayozunguka uti, dawa inaingizwa mara moja, miguu inakufa ganzi ndani ya dakika chache, na baada ya saa kadhaa inarudi. Epidurali, ganzi ya kupunguza uchungu wa kuzaa, ni kitu kingine. Sindano yake ni nene zaidi lakini inaishia nje ya utando unaoshikilia maji hayo, haiyagusi. Nasukuma maji ya chumvi polepole, kidole gumba kinahisi ukinzani, na ukinzani ukipotea ghafla najua nimefika. Hapo napitisha mpira mwembamba, sindano naichomoa, mpira unabandikwa kwa plasta mpaka mtoto atoke. Dawa ni ganzi ya bupivakaini, hafifu, na kituliza maumivu cha fentanili, kidogo. Hakuna chuma kinachobaki ndani ya mtu. Na uti wa mgongo wa mtu mzima unaishia usawa wa pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Mimi naingia chini ya ya 3 au ya 4.

Sasa huo mgongo. Pale ilipopita sindano patauma kwa siku chache, kama palivyo popote ulipochomwa, na anayekwambia hapaumi kabisa anakudanganya. Ninachokataa ni maumivu ya miaka. Imani hii hata madaktari waliwahi kuipa nguvu. Mwaka 1990 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa Birmingham: wanawake zaidi ya 11,000 waliulizwa kuhusu uzazi wao wa nyuma, na waliopata epidurali walilalamikia mgongo kwa karibu 19 katika kila 100, wengine kama 11. Ukiishia hapo utaitupa sindano baharini. Lakini wale waliulizwa kwa kumbukumbu, miaka imeshapita, na anayeomba epidurali mara nyingi ndiye mwenye uchungu mrefu na mzito tangu mwanzo. Hawakuwa wanawake wa hali moja. Mwaka 2002 jarida hilohilo likachapisha utafiti wa wanawake 369 ambao nani apangiwe epidurali na nani asipangiwe iliamuliwa kwa kura. Walipofuatiliwa zaidi ya miaka miwili baadaye, migongo ya makundi yote mawili ilikuwa sawa.

Mgongo unauma kwa sababu ujauzito unalegeza kano za nyonga, tumbo linavuta kiuno mbele miezi kadhaa, kisha unainama kunyonyesha, unabeba mtoto, unabeba ndoo. Ambao hawakuchomwa chochote nao wanaumwa, ila wao hawana sindano ya kuisingizia.

Mengine nayapitia haraka. Epidurali haiongezi uwezekano wa kuishia kwenye operesheni. Kusukuma kunaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Presha inaweza kushuka, ndiyo maana dripu inatangulia na tunapima mara kwa mara. Mwenye chembe sahani (zile zinazogandisha damu) chache, kama baadhi ya wenye kifafa cha mimba, simchomi. Na wodi yenye mkunga mmoja na kina mama kumi, nakataa hata wakiomba, kwa kuwa dawa hii inataka mtu wa kukaa na mzazi.

Kuna yanayonisumbua. Wapo wanaopata ganzi upande mmoja tu, ninauvuta mpira kidogo, nawageuza, na bado wengine hawapati nafuu niliyowaahidi. Wapo wanaopanda joto, na pale kitandani siwezi kutofautisha joto la epidurali na la maambukizi, hivyo dawa za kuua bakteria zinaanzishwa ambazo pengine hazikuhitajika.

Lakini cha kuulizia kabla hujachomwa ni kichwa. Takribani kwa mmoja katika kila 100, sindano ya epidurali inatoboa utando bila kukusudia, maji yanavuja, na zaidi ya nusu ya hao wanaumwa kichwa: ukikaa au kusimama kinapasuka, ukilala kinatulia. Kikianza hivyo, rudi siku hiyohiyo.

Mmoja alitobolewa na mkono wangu mwenyewe. Nilimweleza, ila nilimweleza kwa haraka mno. Kichwa kilimwanzia nyumbani, akakaa nacho siku nne, amelala gizani, mtoto analetewa kunyonya. Shangazi yake alikuwa amemwambia kwamba ndivyo ilivyo, ukishachomwa mgongo utaumwa maisha, avumilie. Aliporudi alikuwa anatembea ameshika ukuta. Tukamtoa damu mkononi, kama mililita 20, nikaiingiza taratibu mgongoni ili izibe palipovuja. Akalala chali kama saa moja. Kisha akajaribu kukaa, akanyamaza kidogo akijisikilizia, akaomba apewe mtoto.