Hewa inayoshuka saa kumi

Mke wangu alikuwa anahesabu vyombo vya kumwazima jirani mwenye shughuli, akakuta sahani nyeupe za plastiki zimebaki sita kati ya kumi na mbili. Hakuuliza mtu. Alitoka nje, akainua macho kwenye nguzo ya kamba ya nguo, akaziona zimepangwa moja juu ya nyingine, zimetobolewa na kupitishiwa bolti ndefu, kila moja ikiachana na mwenzake kwa nati na vipande vya bomba.

"Baba watoto, hizi zilikuwa za wageni."

Nilikuwa na maelezo, ila hayakuwa ya kumridhisha mtu aliyepungukiwa sahani sita. Mchana kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mitandao ya kompyuta maofisini. Usiku, na Jumapili baada ya ibada, nacheza na vitu vyangu: bodi ndogo, waya, betri nilizochomoa kwenye laptopu zilizokufa. Safari hii tulikuwa tunajenga kituo cha hali ya hewa, mimi na binti yangu wa darasa la sita. Mdogo wake ndiye mtunza nati, na tangu apewe cheo hicho nati hazitoshi kamwe.

Sahani zina sababu. Ukitaka kupima joto la hewa, kitu cha kwanza ni kuizuia sensa (kifaa kinachohisi na kupima, siyo ile ya kuhesabu watu) isipigwe na jua, lakini upepo uendelee kupita. Sahani nyeupe zilizofunikwa kifudifudi na kuachiana nafasi hufanya kazi hiyo vizuri kuliko boksi lolote nililowahi kujaribu. Mara ya kwanza niliipachika ukutani, upande wa nyuma, pale nyumba inapoegemea jiwe. Wenyeji wa Mwanza mnaelewa kosa langu. Mawe yetu hushiba jua kutwa nzima, kisha usiku hulitapika lile joto polepole. Saa mbili usiku sisi tumeshajifunika khanga barazani, sensa inasema ni nyuzi 31. Ilikuwa inapima jiwe. Ndiyo maana nikaihamishia kwenye nguzo, mbali na ukuta, na ndiyo maana nikahitaji sahani.

Ndani ya sahani kuna bodi ya ESP32, kompyuta ndogo ambayo ina waifai yake na hula umeme kidogo sana ikiwa imelala, pamoja na kisensa cha kampuni ya Bosch kisichozidi punje ya mchele kwa ukubwa. Hapo nikupe tahadhari kama na wewe unataka kununua. Ziko aina mbili zinazofanana kama mapacha: BME280 hupima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa; BMP280 hupima joto na mgandamizo tu, na bei yake ni ya chini. Mimi niliagiza ya kwanza mtandaoni, nikaletewa ya pili ikiwa na karatasi iliyoandikwa jina la ya kwanza. Nilitumia jioni mbili nikitafuta unyevu ndani ya kitu kisichojua unyevu ni nini. Dawa ni kukiuliza chenyewe: kila chipu ina namba yake ya utambulisho ndani, na programu ikiisoma, BME280 hujibu 0x60, BMP280 hujibu 0x58. Hata kwa macho, ukiwa na lenzi, kile cha unyevu ni mraba na mwenzake ni mstatili. Muuzaji hakujibu ujumbe wangu. Unyevu nikauongezea sensa nyingine, ya bei rahisi, tukaendelea.

Siku ya kwanza kuwasha, kioo kidogo tulichoweka jikoni kikaandika mgandamizo: 881. Binti yangu alikuwa ameshasoma mahali kwamba hewa ya kawaida ni hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 1,013. Akasema kimeharibika. Nikamwambia 1,013 ni ya watu wa pwani. Usawa wa ziwa letu, Victoria, uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na sisi tunakaa mlimani juu yake, kwa hiyo hewa iliyotulalia vichwani ni pungufu. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya maji yachemke huku kwenye nyuzi 96 badala ya 100, na maharage yachukue muda mrefu kuliko Dar es Salaam. Mama yangu, ambaye alikuwa anapepeta mchele pembeni, akasema hilo la maharage analijua tangu alipokwenda Tanga kuuguza dada yake, na hakuhitaji mtambo.

Hakuniamini lakini, yule binti. Basi tukafanya jaribio. Jumamosi asubuhi tuliifunga betri kwenye bodi kwa mpira wa kufungia noti, tukaweka kila kitu kwenye kikapu cha sokoni, tukateremka kwenda soko la Mwaloni, Kirumba, kununua samaki. Yeye alikuwa anasoma namba kwa sauti kila tunapopita kona. Mlangoni 881. Kwenye ngazi za mawe, pale bodaboda wanaposubiri, 883. Barabarani 885. Tulipofika Kirumba, kwenye ukingo wa maji, ikasoma 887. Kwa mwinuko huu, hektopaskali moja ni karibu mita 10 za kupanda au kushuka, kwa hiyo mteremko wetu ulikuwa kama mita 60. Mwenye samaki akatuuliza tunapima nini. Binti akamjibu, "Uzito wa hewa." Yule baba akaangalia mizani yake, akaangalia kikapu, akasema kama tunauza hewa kwa kilo tumwambie bei.

Sasa tuje kwenye kilichonikosesha usingizi.

Baada ya wiki moja nilichora grafu ya mgandamizo. Nilitegemea mstari uliotulia, au unaopanda na kushuka ovyo kufuata mawingu. Badala yake nikaona milima miwili na mabonde mawili kila siku, saa zile zile, kama meno ya kitana. Tofauti ya kilele na bonde ni kama hektopaskali 3. Kitu cha kwanza ambacho fundi hufikiri ni hitilafu. Labda joto linaidanganya sensa? Nikabadilisha waya, nikabadilisha betri, nikalehemu upya miguu yote. Nikaweka kisensa cha pili kabatini chumbani, gizani, kusikoguswa na jua. Mabonde yakaja pale pale. Kisha nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona mapema: bonde moja linatokea mchana wakati wa joto kali kabisa, na jingine linatokea alfajiri wakati wa baridi kabisa. Joto lingekuwa ndilo mchawi, lile bonde la alfajiri lisingekuwepo.

Saa zenyewe zilinichanganya zaidi, na hilo lilikuwa kosa langu. Bodi huchukua muda kutoka kwenye mtandao, na muda huo ni wa Greenwich, nyuma yetu kwa saa 3. Sikuwa nimeurekebisha. Grafu ikaonyesha kilele saa 07 na bonde saa 13. Binti alipoisoma akasema saa moja asubuhi na saa saba mchana. Nikarekebisha, ikawa 10 na 16. Mama akauliza saa kumi ya wapi hiyo yenye kilele, alfajiri au jioni? Hapo nikaona upuuzi wenyewe: nyumba nzima inahesabu saa kuanzia macheo, halafu mtambo uliojengwa kwa sahani za nyumba hiyo unasema lugha nyingine. Nikaandika mstari mmoja kwenye programu: chukua saa ya kizungu, ongeza 6, gawa kwa 12, shika baki, baki likiwa sifuri, andika 12.

Grafu ikabadilika sura. Vilele: saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mabonde: saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Namba mbili tu, mchana na usiku vikifanana kama uso na kioo. Huwezi kuliona hilo ukihesabu kwa 10, 16, 22 na 4. Kwa saa ya Kiswahili linakurukia machoni.

Kumbe si hitilafu, ni hewa yenyewe. Jua linapoipasha moto angahewa, mvuke wa maji na gesi ya ozoni iliyoko juu hunywa sehemu ya ule mwanga, hewa hutanuka, na dunia inapozunguka linazaliwa wimbi linalolifuata jua kuizunguka dunia. Wimbi hilo lina vilele viwili kwa siku. Ni kupwa na kujaa, kama bahari, isipokuwa la bahari huendeshwa zaidi na mwezi, na hili huendeshwa na joto la jua. Lina nguvu zaidi maeneo ya karibu na ikweta, na Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini yake. Ulaya nao wanalo, ila dogo, na dhoruba zao hupandisha na kushusha mgandamizo kwa hektopaskali makumi, kwa hiyo linazama humo lisionekane.

Hapo ndipo nilipokuja kuielewa saa moja ya mezani tuliyoletewa zawadi na ndugu aliyeko ughaibuni, yenye vipicha vya jua, wingu na mvua. Kila mchana ilikuwa inatuwekea wingu linalotona. Kila usiku inatuwekea jua. Mwezi wa saba, mwezi wa nane, kiangazi kikavu, nyasi zinavunjika, yenyewe inasema mvua. Watoto waliichukua kuwa mchezo. Ile saa ilifundishwa kwamba mgandamizo ukishuka dhoruba inakuja, na huko ilikofundishwa ni kweli. Huku hushuka kila siku mvua iwepo isiwepo. Naweka wazi msimamo wangu: ukiwa kanda hii, usimsikilize mtu anayekuuzia utabiri wa mvua unaotokana na mgandamizo peke yake. Mambo mengine yana msaada zaidi. Unyevu ukipanda ghafla na joto likianguka nyuzi 4 au 5 ndani ya dakika chache, hiyo ni pumzi ya wingu lenyewe, limeshafika. Na upepo: mchana nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani, usiku hugeuka, ukaelekea ziwani, na pepo kutoka kila upande zikikutana juu ya maji yenye uvuguvugu, ndiko radi za usiku zinakozaliwa. Wavuvi wa dagaa, ambao hutoka usiku wa giza na taa zao, wanalijua hilo kwa miili yao.

Mama yangu ana haja na mvua kuliko sisi wote. Huchukua dagaa wabichi, huwaanika kwenye nyavu kuukuu juu ya mawe nyuma ya nyumba, na manyunyu ya dakika kumi yanatosha kuwaharibu. Nilipomaliza mtambo nilidhani atafurahi. Akanisikiliza hadi mwisho, akatazama upande wa ziwa, akanusa, akasema leo hakuna kitu. Kweli hakikuwepo. Niliweka rekodi kimya kimya mwezi mzima, utabiri wake dhidi ya programu yangu. Matokeo sitayaandika hapa.

Lakini alikipenda kile kioo cha jikoni, kwa sababu ambayo sikuipanga. Kinachora mstari wa siku nzima, na aligundua kwamba mstari ukifika chini kabisa na kuanza kulala, ni wakati wa kuanza kuanua dagaa kabla jua halijalegea. Hatazami namba hata moja. Anatazama bonde. Baadaye nikasoma kwamba Alexander von Humboldt, yule Mjerumani aliyezunguka Amerika ya Kusini na Mexico kuanzia 1799 hadi 1804, aliandika kwamba katika nchi za joto zebaki ya kipimo cha hewa hupanda na kushuka kwa utaratibu kiasi kwamba unaweza kuitumia kujua saa. Nilimsomea mama. Akauliza naye alikuwa anaanika nini.

Sahani nilinunua nyingine, kumi na mbili kamili. Mke wangu amezifungia kabatini na ufunguo anatembea nao.

Wiki iliyopita betri moja ilikufa na kioo kikazimika mchana. Nilikuwa ofisi ya mteja, kichwa kiko ndani ya dari, simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, saa yako imesimama."

"Mama, ile siyo saa."

"Sawa, baba. Ukirudi uitengeneze, dagaa wako nje."