Kufunga tumbo wakati wa hedhi na ujauzito: kitambaa kinasaidia wapi na kinaumiza wapi

Kitambaa kilichofungwa tumboni kinaweza kufanya mambo matatu: kupasha joto, kubeba uzito, au kubana. Mawili ya kwanza yana faida ambayo hata daktari asiyependa mambo ya jadi ataikubali. La tatu ndilo linalotuletea wagonjwa. Wanawake wanaotuuliza kliniki kama kujifunga kunafaa huwa wameyachanganya yote matatu, wala si kosa lao. Kitambaa ni kilekile, na mara nyingi aliyewafundisha hakuwaeleza kinafungwa wapi, kwa nguvu gani na kwa muda gani.

Desturi yenyewe ni ya kale na imeenea mbali. Pwani ya Afrika Mashariki mzazi hufungwa mkaja baada ya kujifungua. Wamalay wana bengkung, kitambaa kirefu kinachozungushwa kuanzia nyonga hadi karibu na mbavu. Mexico na Guatemala wanawake hutumia faja. Lakini nchi iliyoifanya desturi hii kuwa sehemu ya ujauzito wenyewe ni Japani. Huko mjamzito hufunga iwata-obi, utepe mpana wa pamba, katika mwezi wa tano wa mimba, siku ambayo kalenda ya jadi huiita siku ya mbwa, kwa kuwa mbwa husifiwa kwa kuzaa bila taabu. Nje ya ujauzito, wake kwa waume huvaa haramaki, mkanda wa kitambaa wa kulipasha tumbo joto.

Na huko huko Japani ndiko ubishi ulikoanza mapema. Mwaka 1765 tabibu wa uzazi Kagawa Gen'etsu aliandika kupinga kumfunga mjamzito tumbo kwa kukaza, akisema kunadhuru. Hakuwa mtu wa kubahatisha: ndiye aliyewaeleza wenzake kwamba mtoto hulala kichwa chini tumboni muda mrefu kabla ya uchungu kuanza, wakati wengi waliamini hupinduka saa ya kuzaliwa. Iwata-obi haikufa kwa maandishi yake, na inafungwa hadi leo. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila zilikuwa zikizungumzia mikazo miwili tofauti.

Tuanze na hedhi. Maumivu ya chango hayatokani na damu "kuganda" wala tumbo "kuingia baridi". Siku zinapokaribia, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huamrisha misuli ya mfuko huo ijikunje ili kuutoa utando uliokomaa. Misuli ikijikunja sana huibana mishipa yake yenyewe ya damu, hewa ya oksijeni hupungua, na hapo ndipo maumivu makali huanza kinenani, yakaenda kiunoni na hata mapajani. Prostaglandini hizo hizo huamsha utumbo, ndiyo maana baadhi ya wanawake huharisha au kuhisi kichefuchefu siku ya kwanza.

Joto hulegeza misuli hiyo na kufungua mishipa. Hili limepimwa. Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha kiraka cha joto la takriban nyuzi 39 kilichovaliwa tumboni kwa saa 12 na vidonge vya ibuprofeni, na kiraka kilipunguza maumivu sawasawa na dawa. Sasa, kitambaa kitupu hakiwezi kufikisha ngozi kwenye joto hilo. Kinachofanya ni kuzuia joto la mwili lisipotee na, muhimu zaidi, kushikilia chanzo cha joto mahali pake huku mwanamke akiendelea na shughuli zake. Chupa ya mpira ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa chini ya kitovu inafanya kazi kubwa kuliko kitambaa kilichokazwa mpaka pumzi ikate.

Maji yasiwe ya kuchemka, na kuwe na tabaka la nguo kati ya chupa na ngozi. Usilale usingizi ukiwa umeifunga. Wanaoweka joto kali mahali pamoja kila mwezi hupata madoa ya rangi ya kahawia yaliyosukwa kama wavu. Hiyo ni ngozi iliyoungua polepole, na ikishaonekana joto lipunguzwe.

Wapo wanaosema mkazo wenyewe huwapa nafuu, na siwabishii. Mguso wa upole kwenye ngozi hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, nazo hushindana na taarifa za maumivu. Ila ni mguso wa upole. Tumbo la hedhi limejaa gesi na maji, na ukilikaza katikati unaongeza kiungulia na kuvimbiwa. Kitambaa kikae chini, kati ya kitovu na kinena, kiwe na upana wa shubiri moja hivi, na kifunguliwe unapolala.

Asiyepata nafuu kwa joto anaweza kutumia ibuprofeni, akianza dalili zinapochomoza badala ya kungoja mpaka ajikunyate kitandani, kwa sababu dawa hiyo huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Zilizokwisha kutoka haiziondoi. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo aulize kwanza. Na anayehisi huenda ana mimba asiimeze bila ushauri.

Kuna maumivu ambayo hayastahili kufungwa kitambaa yakaishia hapo. Kama binti anakosa shule kila mwezi, kama maumivu yameanza ukubwani baada ya miaka mingi ya hedhi isiyo na shida, kama yanaendelea hata siku zikiisha, au kuna maumivu wakati wa tendo la ndoa au haja kubwa, inabidi achunguzwe. Endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, huwapata karibu asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa duniani, na wengi hukaa nao miaka kabla ya kuambiwa wanaumwa nini. Kumwambia binti avumilie kwa kuwa mama yake naye alivumilia si matibabu.

Kwenye ujauzito hesabu inabadilika, kwa sababu sasa kuna mzigo wa kweli. Mfuko wa uzazi ambao kabla ya mimba ulikuwa na uzito usiofika gramu 100 hukaribia kilo 1 mimba ikikomaa. Ongeza mtoto wa kilo 3 hivi, kondo la nyuma la nusu kilo, na maji ya uzazi yanayokaribia lita 1. Yote hayo yananing'inia mbele ya uti wa mgongo. Mwanamke huegemea nyuma ili asianguke, kiuno hubonyea ndani, na misuli ya mgongo hufanya kazi kutwa nzima. Wakati huohuo homoni za ujauzito hulegeza kano zinazounganisha mifupa ya nyonga. Ndiyo maana mmoja analalamika mgongo, na mwingine anasema akigeuka kitandani au akipanda ngazi mfupa wa kinena unauma kama unaotaka kuachana.

Hao wawili hawafungwi namna moja. Anayeumwa mgongo kwa uzito wa tumbo anahitaji kitambaa kinachobeba kutoka chini. Anayeumwa kinena au maungio ya nyuma ya nyonga anahitaji mkanda mwembamba zaidi, uliopita chini kabisa, kuzunguka nyonga zenyewe kwenye mifupa inayochomoza pembeni ya mapaja, usioligusa tumbo kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa mwaka 2016, linataja mikanda ya kusaidia pamoja na fiziotherapia kuwa miongoni mwa njia zinazoweza kutumika kwa maumivu ya mgongo na nyonga, lakini linalolipendekeza kwanza ni mazoezi ya mara kwa mara kipindi chote cha ujauzito. Mpangilio huo naukubali. Mkanda unakupa nafuu ya kutembea, na kutembea ndiko kunakokujenga.

Kwa kitambaa cha kubeba tumbo, chagua cha pamba chenye kunyooka kidogo, kirefu cha kukuzunguka mara mbili au tatu. Simama, au egama kwenye mito bila kulala chali. Weka katikati ya kitambaa mgongoni, usawa wa kiuno cha chini, lete ncha mbele zipite chini ya tumbo, juu tu ya kinena, kisha linyanyue tumbo kwa kiganja kabla ya kuvuta. Mvuto uende juu na nyuma, usiende ndani. Mzunguko unaofuata unaweza kupanda kidogo juu ya tumbo, ila huo uwe mlegevu kuliko wa chini. Fundo likae ubavuni, lisikae mbele ya tumbo wala juu ya uti wa mgongo.

Ukimaliza, keti. Wengi hujipima wakiwa wamesimama, kumbe tumbo hubadilika umbo mtu akikaa, na kitambaa kilichokuwa sawa kinageuka kuwa pingu. Vidole viwili vipite chini yake bila kusukumwa. Vuta pumzi ndefu, kisha ongea sentensi nzima bila kukatisha. Ukikivua, alama kwenye ngozi zitoweke baada ya dakika chache. Vaa unapotembea au kusimama kwa muda mrefu, saa mbili au tatu kwa mkupuo, kisha upumzike. Usiku kivue. Ganzi kwenye mapaja, miguu kuvimba zaidi ya kawaida, kizunguzungu au kiungulia kilichozidi ni ishara ya kukilegeza papo hapo.

Hapa kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko mengine. Maumivu ya juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia, mjamzito huweza kuyasingizia kitambaa: "nimekikaza mno." Yakija pamoja na kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, au uso na mikono kuvimba, hizo ni dalili za shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Fungua kitambaa, lakini usingoje kuona kama kutapoa. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo. Vivyo hivyo ukitokwa damu, maji yakivuja, mtoto akipunguza kucheza, au tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37.

Kuhusu imani zilizozoeleka: mtoto hapandi kifuani kwa kukosa kitambaa, na mkazo haumfanyi awe mdogo ili azalike kwa urahisi. Ukubwa wake huamuliwa na kondo la nyuma, lishe, afya ya mama na urithi. Mtoto aliyelala vibaya hageuzwi kwa kufungwa; kugeuza ni kazi ya mtaalamu aliyefunzwa, mahali penye vifaa na chumba cha upasuaji karibu.

Wapo pia wanaojifunga si kwa maumivu bali kwa kuficha. Wengi wao ni wasichana, na kitambaa huwa kimekazwa tangu asubuhi hadi usiku. Madhara ya mkazo wenyewe ni maumivu, kukosa pumzi na miguu kuvimba, lakini hasara kubwa iko kwingine: hapimwi shinikizo la damu, upungufu wa damu wala maambukizi, ilhali hudhurio la kwanza linatakiwa liwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Ukimgundua, mfungue kwanza, mpe maji, msindikize kliniki. Maswali ya nani na lini yanaweza kusubiri.

Baada ya kujifungua, mkaja haulirudishi tumbo ndani kwa nguvu. Mfuko wa uzazi hujinywea wenyewe kwa takriban wiki sita, na kunyonyesha husaidia kazi hiyo. Faida ya kitambaa ni kushikilia misuli ya tumbo iliyoachana na kumpa mzazi, hasa aliyepasuliwa, ujasiri wa kuinuka na kukohoa. Ukikaza sana juu, shinikizo huenda chini kwenye sakafu ya nyonga ambayo imetoka tu kunyooshwa, na kama mkojo unavuja au unahisi kitu kizito kikishuka ukeni, acha kujifunga na umwone mkunga au mtaalamu wa fiziotherapia. Mwenye mshono asifunge juu ya bandeji iliyolowa, na mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi usisuguliwe. Upelekwe hospitali siku hiyohiyo.