Faini ya dereva si fidia yako

Wiki iliyopita alikuja ofisini kwangu, hapa Mombasa, mama aliyevunjika paja wakati matatu aliyopanda ilipogonga lori karibu na Mariakani. Bahasha yake ya kaki ilikuwa na kila kitu: abstrakti ya polisi (hati ya muhtasari wa ajali), fomu ya P3 ambayo daktari huandika majeraha, picha za eksirei, risiti za hospitali. Nikamuuliza mbona hakuja mapema. "Wakili, kesi si iliisha? Dereva alipigwa faini." Ajali ilikuwa imetimiza miaka mitatu na miezi miwili.

Maneno hayo nimeyasikia mno, na kila nikiyasikia kuna mtu amepoteza haki yake.

Kesi ya trafiki ni ya serikali na dereva. Wewe mle ndani ni shahidi tu. Faini inaingia kwa serikali. Madai yako ya fidia ni kesi nyingine kabisa, unayoifungua wewe dhidi ya dereva na mwenye gari, na una miaka mitatu kuanzia siku ya ajali. Usihesabu tangu hukumu ya trafiki, wala tangu ulipotoka wodini.

Tena usiniambie "tuishtaki bima." Chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya lazima ya magari, tunamshtaki aliyekuumiza. Kampuni ya bima inapewa notisi ya kesi, na hukumu ikitoka inapaswa kuilipa. Ikigoma, hapo ndipo tunaifungulia kesi yenyewe. Notisi isipotolewa kwa wakati, umeipa kampuni sababu ya kukataa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata mawakili wenzangu hulikoroga. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema dereva akishatiwa hatiani, na rufaa ikawa imekwisha au muda wake umepita, hukumu ile ni ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa lile. Kwa hiyo faini ambayo watu wanadhani imewafungia mlango ndiyo silaha yao! Lakini silaha hiyo ina mpaka wake. Hukumu inasema dereva alikosa. Haisemi kwamba alikosa peke yake. Kama ulikuwa unaning'inia mlangoni, au hukufunga mkanda, hakimu anaweza kukubebesha sehemu ya lawama na fidia ikapungua kwa kiasi hicho.

Na dereva akiachiliwa? Bado unaweza kudai. Kule kwenye kesi ya trafiki lazima kosa lithibitishwe bila shaka yoyote ya maana. Huku kwenye madai ya fidia hakimu anapima tu maelezo ya nani yana uzito zaidi. Nimewahi kushinda madai dhidi ya dereva aliyeachiliwa kwa sababu askari mpelelezi hakufika kutoa ushahidi. Kwa hiyo hata abstrakti ikikaa miaka imeandikwa kwamba uchunguzi unaendelea, usiungoje uchunguzi huo.

Kuhusu pesa, matumizi yako yanalipwa kwa risiti. Bila risiti, usitegemee. Lakini maumivu hayana risiti. Sisi tunampelekea hakimu hukumu za zamani za majeraha yanayofanana, upande wa pili unampelekea za kwake, naye anachagua palipomridhisha. Nimeona mapaja mawili yaliyovunjika kwa namna moja yakipewa viwango vilivyoachana mbali, na sijaweza kumweleza mteja sababu iliyoniridhisha mimi mwenyewe. Isitoshe, kwa bima ya lazima kampuni hailipi zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Ziada unamfuata mwenye gari, ambaye mara nyingi hana kitu zaidi ya gari lenyewe lililopondeka. Kwa kijana aliyepooza kiuno kwenda chini, milioni 3 ni kidogo mno, na naona vigumu kuiita haki.

Yule mama aliniuliza kama muda unaweza kuongezwa. Sheria inaruhusu kuomba, lakini inamlenga mtu ambaye mambo ya msingi ya tukio lenyewe yalikuwa yamefichika kwake. Yeye aliyajua yote siku ileile. Asichokijua ni sheria, na hilo halitoshi. Nilimweleza hivyo, akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akataja, kama jambo dogo, kwamba siku ile alikuwa amempakata mwanawe, na kioo kilimchana mtoto usoni. Mtoto sasa ana miaka saba. Muda wa mtoto hauanzi kuhesabiwa mpaka afikishe miaka 18. Jumatatu tunafungua kesi ya mtoto, mama akisimama kwa niaba yake.