Je, wajua kwa nini muhtasari wa kikao huishia kwa dada?

Kikao cha harusi kimeanza. Mwenyekiti anauliza, "Nani atatuandikia muhtasari?" Kimya. Mmoja anainamia simu, mwingine ghafla anavutiwa na feni ya darini. Mwishowe dada mmoja anavuta daftari.

Miaka mingi nilijijibu kwamba wanawake wamezaliwa na moyo wa kutoa. Nilikosea, au walau niliruka hatua. Kosa lenyewe ni tamu kwa sababu limevaa nguo za sifa, na halikutoka hewani: watu wakipewa fedha na kuruhusiwa kumgawia wasiyemjua, wanawake kwa wastani hutoa zaidi kidogo. Ila mwaka 2001 wachumi James Andreoni na Lise Vesterlund walichezea bei ya kutoa, yaani kiasi unachojinyima ili mwenzako apate kitu. Kutoa kulipokuwa ghali, wanawake waliongoza. Kulipokuwa rahisi, wanaume wakawapita. Moyo wa kuzaliwa nao, unaosoma bei kama mteja wa Kariakoo!

Mwaka 2017 Vesterlund na wenzake watatu walichapisha jaribio lingine. Watu watatu, dakika mbili, kitufe kimoja. Asipobonyeza mtu, kila mmoja anapata dola 1. Akibonyeza mmoja, yeye anapata dola 1.25, wenzake dola 2 kila mmoja. Kwenye makundi mchanganyiko, wanawake walijitolea kwa asilimia 48 zaidi ya wanaume. Makundi yalipokuwa ya jinsia moja, tofauti ikayeyuka: wanaume peke yao walibonyeza sawa na wanawake peke yao.

Ni kama hodi ya alfajiri. Ukijua mdogo wako amelala sebuleni, unajifunika shuka, maana ataamka yeye. Naye anajua kwamba wewe huamki, kwa hiyo anaamka. Siku akisafiri, unaruka kitandani hodi ya pili haijapigwa. Uvivu wako haukupona usiku mmoja. Aliyekuwa akitegemewa ndiye hayupo.

Hao walikuwa wanafunzi wa Marekani, na senti 75 anazopungukiwa mbonyezaji si michango ya ukoo, kwa hiyo nisilivute jaribio hadi kila jikoni. Lakini lina kipande kimoja kinachonichekesha. Alipoongezwa msimamizi wa kumwomba mmoja abonyeze, wanawake waliombwa kwa asilimia 44 zaidi. Wakakubali mara 76 katika 100, wanaume 51. Na wasimamizi wa kike waliwaelekea wanawake vilevile.

Mwenyekiti wa kikao chetu, kwa taarifa, ni shangazi.