Mwaka Mzima Kijijini Ujerumani: Tunayoambizana Tanga na Yalivyo Kweli

Kijana wa Ngamiani akipata nafasi ya kwenda kujitolea Ujerumani kwa mwaka mmoja, ushauri humjia kutoka kila baraza. Mwingi wake ni wa ndege, baridi na miji mikubwa. Ila si kila anayekwenda anafikia Berlin. Mpango wa weltwärts, yaani mpango wa kujitolea wa serikali ya Ujerumani, ambao tangu 2013 unapokea pia vijana wa nchi kama yetu, una nafasi kwenye chekechea, mashamba na nyumba za watu wenye ulemavu, na nyingine ziko vijijini. Huko ndiko ushauri wetu wa barazani unakopwaya.

"Kijiji cha Ulaya ni mji tu." Kwa lami, umeme na maji ya bomba yanayonyweka bila kuchemshwa, sawa. Lakini kijiji hichohicho kinaweza kukosa hata duka moja. Hapa ukiishiwa sukari saa tatu usiku unavuka barabara kwa Mangi. Kule Jumapili maduka mengi hufungwa kwa sheria. Basi la kijijini mara nyingi hufuata ratiba ya shule, kwa hiyo likizo ikifika linaadimika, na bodaboda hakuna. Hapo mtu wa Tanga ana faida yake: baiskeli ameizoea tangu utoto. Azoee tu kupita kulia, na ajue kuwa taa ya mbele na ya nyuma ni lazima.

"Ulaya hakuna malaria, homa hiyo ni ya baridi." Hii ndiyo naiogopa kuliko zote. Ni kweli kwamba kule mtu haambukizwi malaria na mbu wa kijijini. Lakini vimelea husafiri ndani ya damu. Aliyeumwa na mbu Muheza au Pangani siku za mwisho kabla ya kupanda ndege anaweza kushikwa na homa kati ya wiki moja na mwezi baadaye, akiwa tayari yuko kwa wenyeji wake, theluji dirishani. Daktari wa kijiji anaona mafua kila siku na huenda hajawahi kumtibu mgonjwa wa malaria. Akipewa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike, siku zinakwenda, na malaria ya aina ya falciparum, ambayo ndiyo imeenea kwetu, inaweza kuua ndani ya siku chache. Kwa hiyo sentensi hii aihifadhi kwa Kijerumani kabla hajaondoka, na nakala ampe mwenyeji wake: "Nimetoka Tanzania, nina homa, naomba nipimwe malaria leo." Hali ikiwa mbaya, namba ya dharura ni 112.

Upande wa pili wa dhana hiyo humsubiri akirudi. Tunapenda kusema sisi wa pwani damu zetu zimezoea. Kinga hiyo ya mtu mzima hujengwa kwa kuambukizwa mara kwa mara, na ukikaa mbali inapungua. Wazazi, mtoto akirudi baada ya mwaka, mtandikieni chandarua usiku uleule wa kwanza, na akipata homa apimwe mara moja.

"Chanjo ni ya homa ya manjano tu." Anayetoka Tanzania haombwi kadi hiyo ili aingie Ujerumani. Inayowakwamisha watu ni surua. Tangu 1 Machi 2020, aliyezaliwa baada ya 1970 na anayefanya kazi chekechea, shuleni au hospitalini, hata kwa kujitolea, lazima athibitishe kuwa amekingwa na surua, kwa kawaida kwa dozi mbili. Dozi ya pili iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini kwetu mwaka 2014, kwa hiyo vijana wengi wa umri huu wana moja tu kwenye kadi ya kliniki. Mama aitafute kadi hiyo sasa, popote alipoiweka.

Kuhusu viza, msidanganyike kuwa ya Schengen, yaani ile ya ziara fupi Ulaya, huongezwa ukishafika. Hiyo inatoa siku 90 katika kila siku 180. Ya mwaka mzima ni nyingine, na huombwa ubalozini Dar es Salaam kabla ya safari.

"Tatizo ni baridi." Baridi ina dawa: nguo nyepesi kadhaa zilizopandana, soksi nzito, viatu visivyopitisha maji. Jaketi la mtumba linapatikana kule pia. Kinachowachosha wengi ni giza. Kaskazini mwa Ujerumani, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Atoke nje kila mchana, hata kukiwa na mawingu. Na anayeogopa saumu ndefu ajue kuwa Ramadhani inasogea kuelekea majira hayo: karibu na 2030 saumu ya huko itakuwa na urefu wa kama saa kumi hivi, wakati yetu Tanga inazidi saa kumi na tatu.

"Wazungu hawasalimiani." Mjini, labda. Kijijini ukimpita mtu kimya utaonekana huna adabu. Kiingereza nacho hakitoshi. Wazee wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki walisoma Kirusi shuleni. Kijerumani kianze hapahapa. Urafiki uko kwaya, timu ya mpira na kikosi cha zimamoto, ambacho vijijini huendeshwa na watu wa kujitolea.

"Anakwenda kuvuna pesa." Hapa ndipo vijana wanapoumia, na sisi ndio tunaowaumiza. Mtu wa kujitolea hupewa malazi, chakula, bima na posho ya matumizi. Hapewi mshahara. Hajatua hata uwanja wa ndege, simu za ada, mabati na harusi zimeshaanza, naye anaona aibu kusema hana. Kiitishwe kikao nyumbani kabla ya safari, baba, mama na wajomba wakiwepo. Kiasi cha posho kitajwe wazi, na iamuliwe hapohapo nani atabeba mwaka huo ile ada ya mdogo wake ambayo yeye alikuwa akisaidia kulipa.