Jeshi la wafu halikimbii, ila linabomoka

Kuna hii imani kwa wacheza Warhammer Fantasy, ule mchezo wa vita vya mezani uliotoka Uingereza 1983, eti jeshi la wafu linabebwa na sheria kwa sababu halijui woga na halikimbii. Hapana jamani, hiyo ni nusu tu ya habari. Nachukulia sheria za toleo la 6 mpaka la 8: kikosi cha binadamu kikishindwa raundi ya mapigano kinarusha dadu kupima ujasiri, kikibahatika kinabaki palepale bila kupoteza mtu zaidi, lakini mifupa, yaani askari wa jeshi la wafu, haina hiyo bahati, ikishindwa kwa pointi 4 basi mingine 4 inaanguka hapohapo juu ya ile iliyokwisha katwa na panga, ndo maana ukiipeleka peke yake mbele ya wapanda farasi wenye deraya inayeyuka kama chumvi. Halafu, kwenye jeshi la wafu la vampaya (Vampire Counts), kuna jenerali. Vikosi vingi vya jeshi hilo haviwezi kwenda mwendo wa haraka vikiwa zaidi ya inchi 12 kutoka kwake, na akiuawa jeshi zima linaanza kubomoka. Kwangu mimi hapo ndo utamu wenyewe, mpinzani kapewa shabaha moja ya wazi kabisa. Usihangaike na mazombi, uchawi unawarudisha, mtafute jenerali.