Nukta tatu juu ya mninga

Karakana yangu iko Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo kila ninachochonga huondoka na kaharufu ka dagaa. Wateja wengi huja na maneno ya kawaida: jina la bibi harusi kwenye sinia la mbao, "Karibu" kwenye kibao cha mlangoni. Ila siku hizi vijana wananiletea na maandishi ya lugha ambazo hakuna kijiji kinachozizungumza, lugha za kubuni, za kwenye vitabu na filamu. Nilianza kwa kucheka. Sasa ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyowahi kunitia aibu kubwa kuliko zote.

Swali ninalowauliza kwanza ni hili: unataka lugha, au unataka herufi? Watu huvichanganya. Quenya na Sindarin ni lugha. Tengwar ni herufi. Vyote ni vya J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford na mwandishi wa The Lord of the Rings, aliyeanza kuibuni Quenya miaka ya 1910 akiwa amependezwa mno na mlio wa Kifini. Unaweza kuandika Kiswahili kitupu kwa tengwar, kama watu wa pwani walivyokiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kisibadilike hata neno.

Aibu yenyewe sasa. Jamaa mmoja alitaka "karibu" kwa herufi hizo. Nikapakua fonti, nikaandika k-a-r-i-b-u, yakatoka maumbo mazuri ajabu. Siku mbili nikachonga. Mwanafunzi mmoja aliyekuja kuchukua kigoda chake akakitazama kile kibao, akasema taratibu, "Fundi, hapa hapasomeki." Kumbe fonti nyingi za tengwar hazifuati sauti za kibodi. Zinafuata mpangilio wa jedwali la herufi zenyewe: ukibonyeza namba 1 ndipo unapata t, na kitufe cha q kinakupa p. Nilikuwa nimechonga takataka zilizonyooka vizuri. Ule ubao wa mninga bado ninao, naukatia nyanya.

Tangu hapo sichongi kitu nisichoweza kukisoma kwa kidole, herufi moja moja. Na ukipeleka kazi kwa mtu wa mashine ya leza, mpelekee picha, usimpelekee maandishi. Kompyuta yake isipokuwa na fonti yako, itakubadilishia herufi bila kukuuliza.

Kiklingoni, lugha ya Waklingoni wa Star Trek, kina mtego wake. Alikibuni mwanaisimu Marc Okrand, kamusi ikatoka mwaka 1985, na kwa kawaida huandikwa kwa herufi zetu hizi hizi, kwa hiyo fundi anadhani mambo ni rahisi. Siyo. Humo q ndogo na Q kubwa ni sauti mbili tofauti. Neno Qapla', yaani mafanikio, lina kile kialama mwishoni, nacho ni konsonanti kamili, si pambo. Fundi anayependa usafi atageuza yote kuwa herufi kubwa na kufuta kile kialama. Ni sawa na mtu kukufutia alama kwenye ng'ombe.

Nirudi kwenye tengwar, maana ndiyo inayonipa raha. Waliopita madrasa wataielewa upesi: konsonanti zinakaa kwenye mstari, irabu ni alama ndogo zinazopanda juu yake. Nukta tatu ni a, nukta moja ni i, kistari kimoja cha mshazari ni e, na o na u ni vikunjo viwili vinavyotazama pande tofauti. Lugha ambayo maneno yake mengi huishia na irabu, kama Quenya, huipandisha irabu juu ya konsonanti iliyotangulia. Sindarin, ambayo maneno yake mengi huishia na konsonanti, huiweka juu ya inayofuata. Kiswahili kiko upande wa Quenya bila ubishi.

Lakini si kila kitu kinaingia. Kwa kanuni za Quenya kuna herufi moja ya mb, moja ya nd, moja ya ng, kana kwamba mtu alikuwa anatusikiliza sokoni. Halafu b peke yake haina! Ukitaka "baba" lazima uhamie kanuni nyingine, ile herufi ya mb isomeke b, na mb yenyewe ipate kistari juu. Chagua moja ubaki nayo mpaka mwisho wa mstari. Na Wasukuma wenzangu wafurahi: ipo herufi iitwayo nwalme ambayo sauti yake ya zamani ilikuwa ng'w, ile ile ya ng'wana. Nilipoigundua niliinuka kwenye kigoda.

Binti mmoja alikuja na kipande cha karatasi kilichojaa. Baba yake ni mvuvi mstaafu wa Ukerewe. Zamani walikuwa wakienda pamoja banda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea filamu, na mzee alikuwa akicheka kila DJ mtafsiri alipofika penye lugha hizi za kubuni akanyamaza. Alitaka kasia dogo lenye maneno ya kumshukuru mzee kwa malezi, ada na kila kitu, kwa Quenya. Nikamwambia: mdogo wangu, msamiati wa lugha hii ni wa nyota, miti, bahari na wafalme. Ukitafuta ada ya shule utarudi mikono mitupu, au utapewa neno la kuungaunga lililotungwa na shabiki wa juzi. Tukapunguza hadi neno moja, la Tolkien mwenyewe: atarinya. Atar ni baba, -inya ni yangu, vimeshikana kama "babangu".

Kwa maandishi ni umbo la kwanza lenye fimbo fupi ya kubebea a, kisha t yenye nukta tatu, r yenye nukta moja, na mwisho n, inayofanana na m yetu, yenye nukta mbili chini za y na tatu juu za a. Maumbo manne tu. Kazi ngumu ilikuwa nukta. Ukizigonga kwa msumari, zilizo kwenye mshipa mmoja wa mbao hupasukiana. Nilizitoboa kwa mkono na ncha ya drili ya milimita 2, msasa namba 240, kisha mafuta ya kitani mara mbili.

Kasia likapanda meli ya Nansio. Baada ya siku tatu binti akanipigia. Mzee alikuwa amelipeleka mlangoni penye mwanga, akaligeuzageuza, akauliza mbao hii imebunguliwa na wadudu tangu lini. Binti akamshika kidole akamsomesha, nukta kwa nukta. Sasa mzee anataka jingine, la rafiki yake, na ameshasema neno lake lazima liwe na b.